Ramani Iliyokaa Kitako

Kiharusi kilichompata Anord, fundi cherehani wa mtaa wa Lizaboni mjini Songea, kilikuwa na haya kidogo. Kilimchukulia mkono wa kushoto, na baada ya wiki kadhaa kikaurudisha. Kikamchukulia ulimi, nao kikaurudisha, tena ukiwa na maneno mengi kuliko zamani, kama mkewe Honorata alivyopenda kuwaambia wageni. Kitu kimoja tu kilikataa kurudi, nacho ni njia.

Kila kitu alikitambua kikiwa mbele ya macho yake. Akiona msikiti, alisema huu ni msikiti. Akiona duka la Daimu, alisema hili ni duka la Daimu, na yule dirishani ni Daimu mwenyewe anayejifanya hawaoni wateja. Lakini ukimuuliza mtu anapita wapi kutoka msikitini hadi kwa Daimu, alibaki anakutazama. Mahali palipotoka machoni pake palikuwa pametoka duniani. Daktari alimweleza kwa upole kwamba sehemu ya ubongo inayounganisha mahali na mahali imeumia, na kwamba huenda ikapona na huenda isipone.

Kutoka nyumbani hadi kibaraza alichoshonea hapakuwa mbali. Ungeweza kuanza kula hindi la kuchoma getini ukalimaliza unapofungua mlango wa kazi. Anord alikuwa ameipita njia hiyo miaka na miaka, akiwa mzima, akiwa na malaria, akiwa na usingizi. Sasa akifika nje ya geti aligeuza kichwa huku na huku, kisha akarudi ndani na kusema amesahau miwani. Hakuwa na miwani.

Honorata alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na binti yao Dorine alikuwa ameshaolewa mbali. Kila asubuhi alimshika mumewe mkono, akamfikisha kwenye cherehani, ndipo akakimbilia shuleni, kipindi cha kwanza kikiwa kimeshaanza. Mwalimu mkuu alimvumilia. Lakini mwaka mpya ulikuwa unakuja na darasa jipya, na uvumilivu wa mwalimu mkuu ulikuwa unaishia Desemba.

Hapo ndipo Otto, kaka mkubwa wa Anord, mkulima wa mahindi kule Maposeni, alipopiga simu na kutoa uamuzi. Mtu asimwelewe Otto vibaya, maana hakuwa na ubaya wowote. Alimpenda mdogo wake kupita kiasi, na hilo ndilo lililokuwa tatizo.

"Mlongo wangu," alisema, yaani ndugu yangu kwa Kingoni cha kwao, "njoo nyumbani. Huku ukitoka mlangoni unaona shamba, na ukiwa shambani unauona mlango. Utapotelea wapi?"

Anord alishukuru, kisha usingizi ukamruka. Kazi ya Honorata ilikuwa mjini. Wateja wake walikuwa mjini. Kule Maposeni angekuwa mtu wa kukaa kwenye kiti barazani, anapewa ugali na kutazamwa asiende mbali, na mkewe angekuja kumwona likizo kama anayemtembelea mgonjwa. Hilo alilihofia kuliko kiharusi chenyewe. Walivutana kwa simu, mwisho wakakubaliana. Januari, Otto atakapokuja mjini kuchukua mbolea, atamtazama. Anord akiweza kwenda kazini na kurudi peke yake, atabaki kwake. Akishindwa, atapanda gari.

Siku moja ya Novemba akaja Tadei kumjulia hali. Tadei na Anord walikuwa vijana pamoja, na ujana wao mwingi waliuacha kwenye banda moja la gemu ambalo siku hizi limekuwa duka la vipuri. Chini ya kwapa Tadei alikuwa na mfuko, na ndani ya mfuko kulikuwa na mashine ya gemu ya zamani, ile ya kaseti, aliyoiokota kwa fundi redio. Na kaseti ilikuwa ileile. Mapango!

Gemu hilo lilikuwa na jina lake halisi, ila liliandikwa kwa Kijapani, na kwa kuwa bandani hakuwemo Mjapani, vijana walilibatiza Mapango. Kijitu kifupi chenye fimbo kilitembea katika nchi kubwa, lakini nchi hiyo hukuonyeshwa yote. Uliona picha moja tu, imetulia kama ile ya harusi ukutani sebuleni. Kijitu kikifika ukingoni, picha ilisukumwa pembeni, ikaja nyingine. Kila picha waliiita uwanja. Kulikuwa na Uwanja wa Maji, Uwanja wa Popo, na Uwanja wa Bibi, ambaye alikaa mlangoni mwa nyumba yake na hakuinuka hata siku moja.

Watu wazima waliopita pale walidhani vijana wanapenda kupigana na popo. Popo walikuwa kero tu. Kilichowavuta ni ile nchi. Nje ya kila ukingo kulikuwa na uwanja ambao hujauona, na ukishauona ulikuwa wako. Kesho utaukuta vilevile, jiwe lake palepale, mti wake palepale. Tadei aliichora kwenye karatasi za mifuko ya saruji, mraba baada ya mraba, na kila mraba mpya ulipoongezwa banda zima lilishangilia kama wamefunga goli. Anord alikuwa kijana mgeni kutoka Maposeni, hajui mtu mjini, anapotea hata akitumwa chumvi. Lakini Mapango aliijua hadi pembeni. Usiku alilala akiitembea kichwani, na alijiona tajiri.

Basi wakaiunganisha na televisheni. Tadei alikuwa amejiandaa kumhurumia. Alikuwa amekwisha andaa hata maneno ya kumfariji. Lakini mtu aliyeshindwa kutoka getini alishika vile vishikio, akapita Uwanja wa Maji, akapita kwa popo, akapanda, akashuka, hakupotea. Honorata alikuwa amesimama mlangoni na sahani ya makande, na makande yakaanza kupoa.

"Baba Dorine," aliuliza, "hapo umejuaje kuwa unatokea juu?"

"Uwanja wa Popo unatokea juu."

"Na baada ya hapo?"

"Sijui. Nikifika nitaona."

"Hujui, na hujapotea?"

Anord alifikiri kidogo, macho yakiwa kwenye kioo. "Hapa siulizwi njia nzima, Mama Dorine. Naulizwa uwanja huu tu."

Honorata aliiweka sahani juu ya redio, mahali ambapo mwenyewe alikuwa amekataza watu kuweka sahani. Kesho yake alirudi kutoka shuleni na karatasi za manila na kalamu za rangi.

Mwanzoni walifuata ushauri wa Tadei. Alisema kwenye ramani ya gemu alama ni kitu kisichohama, kwa hiyo wachore mageti na kuta. Haikufaa. Mageti ya mtaa ule yote ni ya bati, na yote ni ya bluu au ya kutu, na kichwa cha Anord hakikuyatenganisha. Kilichokaa kichwani mwake ni watu. Na kweli, watu wa Songea wakimwelekeza mgeni hawamtajii ukuta. Watamwambia nyoosha mpaka kwa mama wa korosho. Ramani ikawa ya watu.

Uwanja wa kwanza ulikuwa wa Bi Zabibu, mama wa Tunduru aliyeuza korosho kwenye kona akiwa kwenye kiti chake cha mbao. Kwake njia ya kutokea ni nyuma ya mgongo. Wa pili ulikuwa wa Rupert, fundi viatu, chini ya mwavuli wake mkubwa. Kwake unatokea upande lilipo sanduku la kazi. Wa tatu ulikuwa kijiwe cha bodaboda cha Twaha na wenzake. Hapo unafuata zinakotazama taa za mbele za pikipiki, na ukishapita hapo kibaraza kinaonekana. Kurudi ni kinyume chake, na kwa Bi Zabibu unapita mbele ya uso, kwa hiyo ni lazima usalimie, na ukisalimia unaonjeshwa korosho.

Anord aliitazama ile manila, akacheka mpaka akashika ubavu, kisha akalia kidogo. Mkewe alikuwa amempa nchi ndogo ya kujua hadi pembeni.

Wakaanza mazoezi. Honorata alimfuata kwa karibu, kisha kwa mbali, kisha akabaki getini anamtazama akikunja kona ya kwanza, mikono ameifumbata kifuani. Krismasi ilipofika Anord alikuwa anakwenda na kurudi. Alikuwa na furaha ya kuudhi. Alimweleza kila mteja kuhusu viwanja, mpaka wateja wakaanza kuuliza suruali zao zitakuwa tayari lini.

Ila kulikuwa na jambo moja ambalo Honorata na mumewe hawakulifanya. Hawakuwaambia wenye viwanja. Waliona aibu. Unamwambiaje mama mtu mzima, mwenye wajukuu, kwamba tumemchora kwenye karatasi na tunamwomba asisogee kama jiwe? Heshima iliwafunga midomo, wakanyamaza.

Mwanzoni mwa Januari likawaka jua kali katikati ya msimu wa mvua, na Bi Zabibu akahamisha kiti chake ng'ambo ya barabara kulikokuwa na kivuli. Anord akafika, akamwona, akapita nyuma ya mgongo wake kama ilivyoandikwa. Njia hiyo ilimtoa mtaani, ikamshusha bondeni, ikampandisha hadi kwenye barabara kuu ya Namtumbo. Huko alitembea kati ya malori ya tumbaku akimtafuta Rupert. Twaha, aliyekuwa amempakia abiria, ndiye aliyemwona na kumrudisha nyumbani, viatu mkononi, midomo imekauka.

Jioni ile Honorata aliikunja manila na kuiweka juu ya kabati. Simu ilikuwa mkononi mwake na jina la Otto lilikuwa kwenye kioo. Ndipo mtu akabisha hodi. Alikuwa Bi Zabibu, amepata habari kwa Twaha, aliyesimuliwa na Anord njiani, ushungi umekaa upande kwa haraka.

"Astaghfirullah, Baba Dorine! Mimi nimekimbia jua tu. Sikujua kama nikihamisha kiti nahamisha na njia yako."

"Shikamoo, Bi Zabibu. Kosa si lako. Sisi ndio hatukukuambia."

"Marahaba. Haya, niambieni sasa."

Wakamshushia ile manila. Akaiangalia kwa muda, akamtafuta yule mama mnene aliyechorwa kwa kalamu ya zambarau, akasema pua yake si kubwa hivyo. Halafu akaondoka, akawapitia Rupert na Twaha kuwaeleza nao. Kesho yake alikuwa ameketi palepale pa zamani, juani, kanga kichwani. Anord alipomwona alijisikia vibaya na vizuri kwa pamoja, akamwamkia, akapita nyuma ya mgongo wake.

Ijumaa ya kuamkia siku aliyopanga kuja Otto, mama yake Daimu mwenye duka akafariki. Maziko yakapangwa adhuhuri ya Jumamosi huko kwao Namtumbo. Alfajiri likakodiwa basi dogo, Kosta, na mtaa mzima ukaenda, Waislamu na Wakristo, maana msiba wa jirani hauna mwenyewe wa kuachiwa. Honorata naye alikwenda. Kabla ya kutoka alimwambia mumewe, "Kaka Otto simu yake haipatikani. Akija mweleze ni msiba, aje wiki nyingine. Na wewe usitoke. Leo njia haina mtu."

Otto alifika mapema, pikapu imejaa mbolea, na macho yake yalikuwa juu ya vilima vya Matogoro, ambako mawingu yalikuwa yanakusanyika.

"Kaka, shikamoo."

"Marahaba. Uko tayari?"

Anord akamweleza habari ya msiba. Otto akasikitika kweli, akauliza marehemu alikuwa na umri gani, kisha akasema neno ambalo Anord alikuwa analiogopa. "Basi panda tu. Tukakae wote wiki hii, wiki ijayo nitakurudisha tujaribu."

Alisema kwa nia njema. Lakini Anord alimjua kaka yake tangu tumboni mwa mama yao. Wiki ijayo kungekuwa na palizi, wiki inayofuata gari lingekuwa bovu, na kile kiti cha barazani kingekuwa kimeshapata umbo lake. Alivaa viatu.

"Nifuate kwa nyuma, kaka. Usiseme neno lolote."

Alitoka getini. Mtaa ulikuwa umenyamaza. Mabanda yalikuwa yamefungwa, hata kuku walikuwa wachache. Alifika kwenye kona, na Bi Zabibu hakuwepo. Alijua hayupo, aliambiwa hayupo, lakini kujua hakukumsaidia kitu. Njia zote zilikuwa zinafanana, na nyuma yake alisikia viatu vya Otto vikisimama.

Ndipo akakiona kiti.

Kiti cha Bi Zabibu kilikuwa palepale pake, siyo ng'ambo kwenye kivuli. Kanga yake ilikuwa imefungwa kwenye egemeo kwa mafundo mawili, na mgongo wa kiti ulikuwa umeelekezwa kule anakopaswa kwenda. Anord alikitazama kwa muda. Akasema "Shikamoo" kwa sauti, hakuona aibu, akapita nyuma yake.

Kwa Rupert, mwavuli ulikuwa umefunguliwa na kufungwa kwenye nguzo. Sanduku lilikuwa upande wake, tupu, maana Rupert si mjinga wa kuacha vifaa nje, na juu yake kulikuwa na kiatu kimoja kibovu ili lionekane. Akafuata sanduku. Kijiweni kwa Twaha pikipiki zote hazikuwepo isipokuwa moja, ile isiyowaka tangu mwaka juzi. Ilikuwa imefungwa mtini kwa mnyororo, taa yake inatazama mbele. Anord aliifuata ile taa, na kibaraza chake kikatokea.

Alifungua mlango, akakaa kwenye cherehani, akaweka mikono yote miwili juu yake. "Asanteni," alisema. Akarudia tena, kwa sababu mara moja ilionekana ndogo. Kule kwenye Mapango, Bibi alikaa palepale kwa kuwa hakuwa na kwingine. Hawa walikuwa na kwingine. Walikuwa na msiba, na bado walikumbuka kwamba kuna mtu akigeuza macho dunia inamtoka.

Otto akaingia, akavua kofia.

"Hawa watu waliondoka saa ngapi?"

"Alfajiri, kaka."

"Wakiwa wanakwenda kuzika?"

"Ndiyo."

Otto akakaa kwenye benchi la wateja, kofia ikiwa magotini.

Ngurumo ikasikika kutoka Matogoro. Anord akainuka, akachukua karatasi ya nailoni kubwa na kufunga mlango. Walipofika kwa Twaha akaifunika ile pikipiki, akaibana kwa mawe. Walipofika kwa Rupert akaanza kuufungua mwavuli kutoka kwenye nguzo.

"Unafanya nini?" Otto alishtuka. "Viache. Ukivitoa halafu ukapotea, utarudia wapi?"

"Nikishauvuka uwanja siuhitaji tena, kaka. Na mvua ikinyesha vitaharibika. Hebu nisaidie hilo sanduku."

Otto, mtu mzima mwenye mashamba, akajitwika sanduku la fundi viatu na kile kiatu kimoja juu yake. Wakasonga. Nyuma yao hapakubaki alama hata moja, na Otto aligeuka mara nyingi kuangalia, ila Anord hakugeuka. Kwenye kona alikiamkia kiti, akapita mbele yake, akakibeba. Matone ya kwanza yaliwakuta getini. Kanga alikuwa ameikumbatia chini ya shati.

Otto alikuwa na haraka ya kurudi, lakini hakurudi. Alifunika mbolea kwa turubai, akachemsha chai mwenyewe, akasema hawezi kuondoka bila kuwapa watu pole.

Kosta ilirejea jioni. Honorata alishuka wa kwanza, akaona pikapu getini, akakimbia. Ndani alimkuta mumewe kati ya mwavuli, sanduku na kiti, na akaelewa yote kabla ya kuambiwa.

"Alfajiri dereva alipiga honi mpaka akachoka," alisimulia huku anacheka na kufuta macho. "Bi Zabibu akakataa kupanda. Nikamwambia nimekukataza kutoka. Akanijibu, mwanamume akikatazwa kutoka ndiyo kwanza anatafuta viatu. Basi zima likasubiri akigeuza kiti. Rupert na Twaha nao wakashuka kwenda kuweka vyao. Daimu mwenyewe, mfiwa, alisema wasubiriwe."

Wenye vitu wakaingia mmoja mmoja, wamechoka, vumbi la Namtumbo miguuni limegeuka tope. Otto akasimama. Alimwamkia Bi Zabibu, akatoa pole ya msiba, kisha akashindwa kukaa.

"Mama, mimi nilikuja kumchukua mdogo wangu," alisema. "Naomba abaki na nyinyi."

"Alikuwa anakwenda wapi?" Bi Zabibu akauliza.

Anord alikuwa ameandaa maneno ya shukrani mchana kutwa, mazuri, yenye mpangilio. Akayaacha. Alimshika Bi Zabibu mkono kwa mikono yake miwili, hakuuachia.

"Niachie, Baba Dorine," alisema Bi Zabibu kwa upole. "Nina baridi. Nipe kanga yangu."

Anord akaitoa kifuani. Bi Zabibu aliipapasa pande zote mbili, akaona ni kavu, akajifunika.